Handaki Lenye Miguu

Kabla chai ya saa nne haijamiminwa, Mpekuzi alikuwa amekwisha kukamata handaki ndani ya jino la bandia, jingine ndani ya kisigino cha kiatu, na la tatu tumboni mwa mwanamuziki aliyeapa kuwa amemeza dawa ya kiungulia.

Handaki, kwa wale ambao hawajawahi kulimiliki, ni kijidude kidogo kuliko punje ya mtama. Kazi yake ni kuyafunika maneno ya mtu yanaposafiri angani, yatoke kwa huyu yafike kwa yule, na katikati asiyasikie yeyote. Kila nchi ilikuwa na lake la kusema juu ya kijidude hicho. Katika Shirikisho la Maziwa mtu alilinunua dukani pamoja na sukari. Visiwa vya Kusini viliziruhusu benki na hospitali, lakini mtu binafsi aliomba kibali na kusubiri mpaka akachoka. Dola ya Bonde ilikuwa na sheria ya kuchekesha: kuwa nalo si kosa, kulitumia ndiyo kosa, basi wanawake wa huko walilivaa kama kipini cha pua.

Katika Jamhuri ya Nyanda lilikuwa kosa toka mwanzo hadi mwisho. Huko kila ujumbe ulipita kwenye Kitakasa, mtambo wa serikali uliosikiliza maneno na kuyaondolea ukali ili wananchi wasigombane. Ulimtumia jirani yako tusi, naye akapokea nasaha. Watu walikwisha kuzoea, na wengine walidiriki kusema kuwa ndoa zao zimepona.

Mpekuzi, mashine ya ukaguzi, alisimama kwenye lango la Kizingiti, mji uliokatwa katikati na mpaka wa Maziwa na Nyanda. Aliyemuunda ni Mhandisi Mbaruku Salehe, mtu mwembamba, mpole, anayependa vitu vifanye kazi. Alikuwa akimtazama kupitia kioo cha ofisi yake wakati taa ya lango ilipogeuka nyekundu.

"Handaki limepatikana," Mpekuzi alitangaza.

"Wapi?" Mbaruku aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Abiria mwenyewe."

Mbaruku aliweka kikombe chini. Miaka yote hiyo hakuwahi kusikia jibu la namna ile, na kusema kweli alifurahi, maana fundi hufurahia hata hitilafu ikiwa mpya. Akashuka ngazi mbiombio.

Kwenye mstari wa lango, upande wa Maziwa, alisimama mwanamke wa makamo aliyejitanda khanga, mkoba begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisaidie. Hili dubwana lako linaniita mimi handaki. Mie, Mwanakombo binti Faki, nina nini cha kuchimbwa?"

Mbaruku alijizuia asicheke. Akamweleza kuwa Mpekuzi huuliza swali moja tu, kama mtu amebeba ujumbe wa siri, kisha husikiliza koo. Koo hujiandaa kusema kabla akili haijaamua kunyamaza, na Mpekuzi huuona ule mtikisiko.

"Ujumbe ninao," alisema Bi Mwanakombo bila kupepesa macho. "Nimetumwa. Kwani kutumwa ni dhambi?"

Hapo ndipo Mbaruku alipoelewa, na furaha ikamwishia. Sheria ya kwanza ya Nyanda ilikataza "chombo chochote". Lakini watu walibuni vyombo vipya kila kukicha, basi yeye mwenyewe aliwashauri wanasheria waandike "njia yoyote inayopitisha neno bila kusikika na Serikali". Aliona ni werevu. Mpekuzi aliisoma sheria hiyo neno kwa neno, akamtazama mjumbe aliyesimama mbele yake, akaona njia.

"Kuna jambo jepesi la kufanya, mama. Yaseme hayo maneno hapa kwa sauti. Yakishasikika si siri tena, nawe utapita."

"Siwezi. Ni amana ya mtu mmoja."

"Mtu gani?"

"Mbaruku, mwana wa Bi Mgeni Shaali. Nimeambiwa anafanya kazi hapahapa langoni. Wamjua?"

Bi Mgeni, mama yake Mbaruku, alizikwa wiki iliyopita huko Maziwa. Siku chache kabla ya hapo mwanawe alipokea ujumbe wake kwa njia ya kawaida: *Mwanangu mpendwa, nimekuridhia, uishi kwa amani.* Aliusoma mara nyingi, na kila alipousoma alizidi kuutilia shaka, kwani mama yake hakuwahi kumwita mpendwa hata alipokuwa mgonjwa. Mbaruku aliondoka kwao bila kuaga. Alifuata kazi Nyanda, akaogopa ugomvi, akapanda gari alfajiri mama akiwa kisimani. Je, mzee yule alimpa radhi kweli, au alimlaani na Kitakasa kikaigeuza laana kuwa baraka? Aliujua mtambo ule vizuri mno hata asiweze kuuamini.

"Ndiye mimi," alisema.

Bi Mwanakombo alimwangalia kuanzia utosini. "Umefanana naye paji la uso. Pole, baba. Haya, mwambie huyu anipishe."

"Hapishi. Nilimuunda bila ufunguo wa kumlazimisha apishe, ili askari wasihongwe. Hata mimi sina."

"Basi njoo wewe huku."

Kutoka hakukuwa na maswali, maswali yalikuwa kwenye kuingia. Mbaruku alifikiri kidogo. Akirudi atayasema maneno yenyewe kwa sauti, hata yakiwa ya aibu, na yatakwisha. Akavuka mstari.

Waliketi kwenye benchi la wasafiri. Bi Mwanakombo alimsogelea sikioni na sauti yake ikabadilika, ikawa ya ukali ule ule uliokuwa ukimwamsha Mbaruku utotoni.

"Mwambie yule mpumbavu hasira zangu ziko palepale. Aliniacha kisimani kama ndoo. Na mwambie radhi nimempa, tangu siku ileile nimempa. Asichukue moja akaacha jingine."

Mbaruku alilia mbele ya abiria wote, na katikati ya kilio akacheka. Alikuwa mama yake, mzima mzima. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alijua amefiwa na nani.

Alipojifuta akamshukuru Bi Mwanakombo, akarudi langoni.

"Una ujumbe wa siri?" aliuliza Mpekuzi.

"Ninao." Akayasema yote, na mpumbavu na ndoo, kwa sauti. Watu kwenye foleni walicheka.

"Ujumbe umepokelewa na kutakaswa," alisema Mpekuzi. "Unaandikishwa hivi: Mama anakupenda na amekuridhia. Maneno ya awali yatafutwa, na kuyatamka tena popote ndani ya Nyanda ni kosa. Thibitisha kwa kusema: sahihi."

Sehemu ile hakuwa ameiunda Mbaruku, mafundi wa Kitakasa waliiunganisha baadaye naye akatia saini bila kuuliza. Aliiona ofisi yake kule juu, taa inawaka. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya lango lile, na kazi, na kila alichokijenga tangu alfajiri ile ya kutoroka. Neno moja tu, tena la uongo mdogo, kwani radhi si alipewa?

"Thibitisha," Mpekuzi alirudia.

"Si sahihi," alisema Mbaruku. "Alikuwa amekasirika."

"Kuingia kumekataliwa. Abiria anayefuata."

Foleni ikasonga, ikampita. Bi Mwanakombo aliutoa mkoba wake kwenye benchi akamwachia nafasi, akamuuliza kama amekula.