Nafasi Moja, Watoto Wawili

"Umeandika jina la nani?" mke wa mwanangu akamfokea mumewe.

Pasi aliyoirusha ilinipita sikioni ikampata mwanangu kwenye paji la uso. Damu ikatiririka hadi kidevuni.

"Na wewe je?" akanguruma. "Mlinzi wa shule kaniambia ulipita ofisini juzi, unanyata kama paka!"

"Nimeuliza mimi kwanza!"

Mwanangu ni mwashi, mkewe fundi cherehani. Wote walikuwa wamefiwa na wenzi wao, wakaoana kila mmoja na mtoto wake: yeye binti, mkewe mvulana. Shule ya kulipia ya ng'ambo ya barabara ilitangaza kusomesha bure mtoto mmoja kutoka kila familia isiyojiweza. Mmoja tu. Tangu hapo hata chumvi waliombana kwa kununa.

"Wa kambo ni wa kambo tu, si ndiyo?" mke akasema.

"Wewe ndiye umejipendelea! Mwizi wa nafasi!"

"Mwizi? Mimi ninayemsuka binti yako kila Jumapili?"

Akashika mkasi. Mwanangu akanyakua nyundo, akaishusha juu ya cherehani. Chuma kikapasuka, gurudumu likabiringika hadi mlangoni. Mke akamrukia, akamng'ata mkono. Mwanangu akamsukuma, bega la mke likagonga ukuta kwa kishindo. Nyundo ikapanda tena.

Nikaingia katikati.

"Nipige mimi kwanza," nikamwambia. "Huo mkono nimeulea mimi."

Nyundo ikaanguka sakafuni.

Mke akaanza kufunga nguo kwenye shuka.

"Njoo, mwanangu, tunaondoka."

Mvulana alikuwa chini ya meza. Binti alikuwa amemziba masikio kwa viganja vyake, ya kwake yako wazi.

"Bila dada siendi," mvulana akasema.

Hapo simu ya mke ikaita. Alikuwa mwalimu mkuu. Mke akaweka spika, ili mumewe asikie aumbuke.

"Mama, mmenichanganya. Mumeo kaleta jina la mvulana, wewe ukaleta la binti. Nishike lipi? Mchana huu nafunga."

"Tunakuja," mke akamjibu, akakata simu.

"Kwa nini hukusema?" mwanangu akauliza.

"Mtu akiniita mwizi, simweleweshi. Na wewe?"

"Nilitaka ukasikie huko huko, ufurahi. Mvulana anaogopa msongamano. Kule madarasani wako wachache."

"Binti yako anaingia darasa la mwisho. Mdogo bado ana muda, mume wangu. Dada yake hana."

Mwanangu akanyoosha mkono amguse bega. Mke akarudi nyuma.

"Nisikilize. Mkono huo ukiniumiza tena, naondoka. Na mama yako naondoka naye."

"Mzigo wangu mdogo tu," nikasema. "Nafunga haraka."

Mwanangu akainamisha kichwa.

"Hautakuumiza tena. Nisamehe."

"Na mimi pasi nimeitupa. Nisamehe nawe."

Akachana kitambaa chake kizuri, akamfunga kichwa. Mwanangu akachemsha maji, akamkanda bega taratibu, kila akigusa anauliza, "Hapa panauma?"

Tukavuka barabara wote. Mlinzi alipoona bandeji na damu, akainua rungu.

"Mmekuja kuvamia?"

"Tumekuja kuandikisha mtoto!" mke akamjibu. "Shusha hilo gongo lako."

Ofisini mwalimu mkuu akashika kalamu.

"Tumwandike binti," mke akasema.

"Huyu ni wa nani kati yenu?"

"Wetu," wakajibu pamoja.

Mvulana alilia kidogo. Binti akamnong'oneza, "Kila nikifundishwa kitu, jioni nakufundisha."

Kesho yake, jua likiwaka, mwanangu alibeba cherehani begani akapita nayo mtaa mzima kwenda kwa fundi. Majirani walikuwa vibarazani.

"Imepatwa na nini, jirani?"

Angeweza kusema imeanguka.

"Nimeivunja mimi," akajibu, na kwa kila aliyeuliza akajibu hivyo hivyo. Mkewe alikuwa nyuma yake, kakumbatia gurudumu. Walipofika kona, mkewe akaharakisha, akatia mkono wake usiouma chini ya mzigo.