Shamila Ajitambulisha kwa Dunia Nzima

Mwanahawa alikuwa fundi cherehani wa Kanyenye, mjini Tabora. Kila Jumatano alishona bila kuinua kichwa, kwa sababu kila Alhamisi alipeleka nguo mnadani. Mumewe, Majidi, alikuwa dereva wa lori la tumbaku. Nyumbani alionekana mara mbili kwa mwezi.

Jumatano moja alasiri, jirani yake Imakulata alisimama katikati ya chumba. Alikuwa akijaribu gauni la kuvaa kwenye kipaimara cha mwanawe, Damas.

"Bana tumbo," Mwanahawa alimwambia.

"Nikibana leo, siku ya sherehe nitakula nini?"

"Utakula kidogo."

Mara Shamila, binti wa Mwanahawa, akaingia mbio kutoka shule. Alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama Damas. Nimeandika kwenye blogu!"

"Marahaba. Blogu ndiyo nini?" Mwanahawa aliuliza.

"Ni kama daftari, ila liko kwenye mtandao. Unaandika mambo yako, watu wanasoma, wanakujibu. Mwalimu Siwema amesema dunia nzima inaweza kusoma!"

"Hebu tusomee," alisema Imakulata.

Shamila akafungua daftari lake. Akasimama wima, kama anavyosimama akitumwa kwenye nyumba za watu.

"Asalaam alaykum. Mimi naitwa Shamila binti Majidi bin Uwesu. Nakaa Kanyenye, nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya msikiti. Baba yangu anaendesha lori, hayupo. Kila Alhamisi mama huenda mnadani, hurudi magharibi. Mimi nikitoka shule nafungua mlango mwenyewe. Ufunguo tunauweka chini ya kinu, barazani. Karibuni nyumbani."

Mwanahawa alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja.

"Dunia nzima," Imakulata alisema polepole. "Basi na wezi wamo."

"Nani kakwambia uandike hayo?" Mwanahawa alifoka.

Shamila alirudi nyuma hatua moja. "Si wewe, mama? Ulisema nikipiga hodi kwa watu nijitambulishe vizuri. Niseme mimi ni nani, binti nani, natoka nyumba ipi. La sivyo watadhani sina kwetu."

Ni kweli, Mwanahawa alimfundisha yeye mwenyewe, tangu mtoto hajaota meno yote. Kesho ilikuwa Alhamisi. Alijifunga khanga, akamshika mtoto mkono. Imakulata aliachwa palepale na gauni lenye mkono mmoja.

Walimkuta Mwalimu Siwema akifuta ubao. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi Wanyamwezi walipobeba mizigo ya misafara ya kwenda pwani, na wawili hawa hawakuwahi kuonana bila kuchokozana.

"Mnyamwezi, karibu! Mzigo umeutua wapi leo?"

"Leo nimebeba hasira, Mzaramo. Futa maneno ya mtoto wangu kwenye huo mtandao. Sasa hivi."

"Mtandao upi?"

"Wa blogu! Ameandika mpaka ufunguo tunapouweka!"

Mwalimu Siwema aliweka kifutio chini. Hakucheka. Alimpeleka Mwanahawa nyuma ya darasa. Ukutani palibandikwa karatasi za manila, moja kwa kila mtoto. Chini ya kila moja palikuwa na vikaratasi vidogo vya rangi.

"Blogu ndiyo hii," alisema. "Ya karatasi. Mtandao wenyewe hatujaugusa bado."

"Mbona mtoto kasema dunia nzima?"

"Nilisema dunia nzima itaweza kusoma mwezi ujao, tutakapoingia mtandaoni. Watoto wameshika dunia nzima, mwezi ujao wameuacha humu humu darasani."

Mwanahawa aliketi kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika kifuani.

"Alhamdulillah," alisema. Kisha akasema tena.

"Na barua ya kukuomba ruhusa nilikuletea, mama Shamila. Yote haya yalikuwemo. Ukasaini."

"Nilisaini."

"Uliisoma?"

Mwanahawa alitazama manila. "Nilikuwa nashona."

"Ndivyo mlivyo Wanyamwezi. Mnabeba mzigo bila kuuliza una nini ndani."

Mwanahawa alicheka, japo hakupenda. "Haya, nieleze. Kwa nini muanze na ukuta?"

"Mtoto akikosea hapa, tunabandua karatasi. Akikosea mtandaoni, hata ukifuta, huenda mtu ameshanakili. Tunawafunza kujibu pia. Hivi vikaratasi ni maoni ya wenzake. Mtoto akimwandikia mwenzake 'mbaya' tu, namrudishia. Aseme ni kipi hakukielewa."

"Na mwezi ujao?"

"Nenosiri ninalo mimi na mwalimu mkuu. Hakuna andiko linalotoka kabla sijalisoma. Maoni ya watu wa nje nayo yanapitia kwangu kwanza. Mtoto anataja jina lake la kwanza na mji, basi. Mtaa hapana, ratiba ya nyumbani hapana, sura za watoto hapana. Andiko la Shamila amelibandika leo. Tungelirekebisha pamoja kesho."

Shamila alikuwa ameinamisha kichwa. "Kwa hiyo kujitambulisha ni vibaya?"

Mwanahawa alimvuta karibu. "Si vibaya. Ukipiga hodi kwa mama Damas, anakuona na wewe unamwona. Mtajie mpaka babu wa babu yako. Mtandaoni humwoni anayekusikiliza. Huyo jina moja linamtosha."

"Sasa nitaandika nini? Mmenifutia yote."

"Unajua kufanya nini?" mwalimu aliuliza.

"Kutengeneza matobolwa. Bibi kanifundisha."

"Mimi sijui," alisema mwalimu. "Nifundishe."

Jioni ile Mwanahawa aliutoa ufunguo chini ya kinu, akampa Imakulata autunze. Darasa zima lilikuwa limeshasoma, na watoto wana midomo. Tangu hapo, kila Alhamisi Shamila alisubiri kwa Imakulata, akifanya kazi zake za shule. Mwanahawa aliisoma barua ya mwalimu yote. Halafu akairudia.

Mwezi uliofuata blogu ilifunguliwa. Mwanahawa alikuwa mezani na cherehani, Imakulata karibu yake akimenya karanga. Kwenye simu ukaingia ujumbe wa Mwalimu Siwema wenye anwani ya blogu. Mwanahawa aliifungua, akasoma kwa sauti.

"Mimi ni Shamila wa Tabora. Matobolwa ni viazi vitamu. Unavichemsha, unamenya, unakata vipande virefu, unaanika. Ukivila mapema mno bibi anakufukuza."

Chini palikuwa na maoni ya mtoto wa Usoke, ambayo mwalimu aliyaacha yapite ili Shamila ajifunze kuyajibu. "Mimi ni Doto. Mnaanika siku ngapi? Na wewe ni binti nani, unakaa mtaa gani?"

Yule mtoto naye kafunzwa adabu kwao. Kidole cha Mwanahawa kilishuka taratibu hadi kwenye jibu la Shamila. Alilisoma kimya. Kisha akashusha pumzi ndefu, mabega yote mawili yakashuka nayo.

"Kasemaje?" Imakulata aliuliza, karanga mkononi.

"Siku tatu, jua likiwa kali," alisema Mwanahawa, akifuta macho kwa ncha ya khanga. "Kampa matobolwa, mtaa kamnyima."