Mkanda wa Kiti cha Kulia

Aliyenisimulia habari hii kwanza ni shangazi yangu, Odile Guidry, Jumatano ya Majivu ya mwaka 2004, jikoni kwake Church Point, Louisiana, akiwamenya kamba wa mchuzi. Alikuwa ameikalia miaka minane. Naiandika kama alivyoisema.

Mwaka 1996 mumewe, Ulysse, fundi wa kuchomelea mabomba ya boila, tanuri la mvuke refu kama jengo, aliitwa kazini kwenye mtambo wa umeme mashariki mwa Texas: miezi minne, zamu ya usiku. Akanunua gari la kuishi lililotumika. Nyuma kitanda, katikati jiko, mbele viti viwili vikubwa vinavyozunguka, ili gari likisimama viwe vya sebuleni. Mwanamke aliyewauzia aliwapa funguo akiwa amesimama barabarani.

"Huingii kutuonyesha, mama?" Odile alimuuliza.

"Nalijua. Ingieni tu."

Wiki ya kwanza Ulysse alirudi kutoka kazini saa moja asubuhi, akakuta mkanda wa kiti cha kulia, kile cha abiria, umefungwa, na kiti ni kitupu. Akaufungua. Kesho yake akaukuta umefungwa tena. Akaenda kumpigia simu Odile, aliyekuwa amebaki nyumbani.

"Ulifunga mkanda ulipokuja Jumapili?"

"Nifunge mkanda wa nini, mzee, gari limesimama? Umeanza kunywa asubuhi?"

"Kahawa tu."

"Basi punguza kahawa."

Mafundi wa usiku hulala mchana. Hubandika foili ya jikoni kwenye kila dirisha, na ndani kunakuwa giza tupu hata jua likiwaka. Katika giza hilo Ulysse alianza kusikia harufu ya kafuri, kisha chuma kikilia polepole kule mbele. Alipowasha taa, kiti cha kulia kilikuwa kimegeuka kidogo kuelekea kitandani. Akachora mstari wa chaki sakafuni. Kila siku kiti kilikuwa kimeuacha mstari upana wa vidole viwili.

Siku ya tisa Odile alikuja, akamkuta macho mekundu. Kazi yake ilikuwa juu ya jukwaa la ghorofa ya saba ndani ya boila, na asiyelala hakai juu huko muda mrefu.

"Lala. Nitakesha mimi," Odile akamwambia.

Akaketi kitandani miguuni pa mumewe, adhuhuri, jua likipiga paa, na ndani ya lile giza akasikia chuma kikilia, kikatulia, kikalia tena, na kafuri ikamjaa puani mpaka akaionja ulimini, na alipowasha tochi aliona kiti kimewageukia kabisa, mkanda umefungwa na umekaza, umevimba mbele kama unaokumbatia tumbo la mtu, lakini ndani yake hamna mtu, na alipokuwa bado anautazama, kishikizo kikafunguka chenyewe, *tak*, mkanda ukarudi ukutani taratibu, na godoro likabonyea kando yake.

"Ulysse," akanong'ona. "Amka. Usiulize. Amka."

Walimpigia simu aliyewauzia. Akasema: "Ni dada yangu. Alifia kwenye kiti kile, njiani. Mumewe hakusimama. Alimkaza mkanda asianguke, akaendesha kwa muda wa saa sita mpaka nyumbani, akizungumza naye kama yu hai."

Wakalipeleka gari Louisiana, kwa Mama Azélie Doucet, mganga wa sala. Mganga wa kwetu havuki maji kwenda kutibu. Mgonjwa ndiye anayevuka. Hapokei malipo, na haambiwi asante, kwani ukimshukuru yeye, dawa inavunjika. Hilo tunalijua tangu utotoni.

Mama Azélie alikaa ndani peke yake saa nzima. Walimsikia akisema kwa upole, "Umefika, binti. Hapa ndipo nyumbani. Shuka." Mlango ukafunguka, na kafuri ikawapita ikaenda zake mtoni.

"Leo utalala," akamwambia Ulysse.

Ulysse aliinamisha kichwa tu, akawasha gari. Walipokuwa wanatoka, Odile alimwona yule bibi amesimama jua kali, amechoka, anashikilia nguzo ya uzio. Akateremsha kioo, akapunga mkono.

"Asante, Mama!"

Mama Azélie aliziba mdomo wake kwa viganja viwili. Odile alikuwa amekaa kiti cha kulia. Hakugusa kitu. Mkanda ulimpita kifuani, *tak*, ukakaza.

Ulysse alianguka kutoka ghorofa ya saba siku kumi na moja baadaye, akafa. Wenzake walisema alikuwa amesinzia akiwa amesimama. Mama Azélie alifariki mwaka 1999, na hakumlaumu Odile hata mara moja.

Shangazi Odile yu hai, ana miaka themanini na moja. Gari alimuuzia muuguzi wa Mississippi aliyekuwa akienda kufanya kazi mbali. Alimpa funguo akiwa amesimama barabarani, akamwambia, "Ingia tu." Jina lake hakuliuliza. Huyo kama yu hai, hatujui.