Gauni la Njano kwa Fundi Matairi

Duka la vifaa vya shule lilifurika watu utadhani vitu vinagawiwa bure. Ilibaki rula moja, na mikono miwili ikaishika kwa pamoja: mmoja wa msusi, unanukia mafuta ya nywele, mwingine wa mwalimu wa hesabu, mweupe kwa chaki.

"Kaka, achia."

"Nitaachia, dada, ukiniambia unakwenda kupimia nini."

"Vichwa vya wabishi kama wewe."

Mwalimu alicheka hadi rula ikamponyoka. Kumbe binti alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa chuo cha upimaji ardhi, na hesabu zilikuwa zimemkaba koo. Nimezunguka miji mingi, na nimeona mapenzi yakianza kwa kisingizio kidogo kuliko hicho. Kila jioni mwalimu akawa anakuja saluni na karatasi za miraba, na kila asubuhi simu inalia.

"Umeamka, laazizi?"

"Nimeamka na mistari yako kichwani, nywele zenyewe hazichaniki."

Siku moja mwalimu akauchora mji mzima kwenye karatasi. Mzunguko wa magari wa katikati ndio ukawa sifuri. Kutoka hapo mtaa wa maduka ukapanda wima, kila kona na namba yake. Barabara kuu ikapita mshazari ikipanda, mteremko wake mbili: kila hatua moja kulia, mbili juu. Saluni akaiwekea nukta: nne kwenda kulia, nne kwenda juu.

"Jumapili saa kumi," akasema. "Tafuta mstari unaopita hapa saluni na kuikata barabara kuu kwa pembe mraba. Utakapogusa mtaa wa maduka, ndipo nitakapokungoja. Nina neno. Na hakuna kupiga simu kuulizia jibu!"

"Si useme tu ni wapi?"

"Si ulisema umeelewa?"

"Nimeelewa mpaka basi!"

Alipiga hesabu peke yake. Mbili akaipindua, ikawa nusu. Akaupitisha mstari saluni, ukaangukia kona ya pili.

Jumapili akavaa gauni la njano, hereni ndefu na viatu vya visigino. Kona ya pili palikuwa kwa fundi matairi: jeki, harufu ya mpira uliochomwa, wanaume wenye ovaroli.

"Dada, gari liko wapi?" fundi akauliza, na wenzake wakaangua kicheko.

Alingoja hadi pindo la gauni likapakwa grisi. Kisha akaondoka, akazima simu. Amenifanya kichekesho, akajisemea. Kona ya sita, kwenye duka la aiskrimu, mwalimu aliketi na shati jeupe lililonyooshwa, vikombe viwili vikiyeyuka mbele yake. Naye akaona amejibiwa: hatakiwi.

Wiki ikapita hivyo. Mwishowe shangazi wa binti, mwenye saluni, akampigia mwalimu. "Wewe, mtoto wangu anasuka watu kwa hasira mpaka wanalia. Njoo kabla sijakosa wateja!"

Mwalimu hata mlango hajaufunga, akapokelewa: "Ulinipeleka kwa fundi matairi nikachekwe!"

"Matairi? Mimi nilikuwa kona ya sita, na aiskrimu mbili kama mjinga!"

"Mlinganyo wako ndio ulionipeleka!"

"Hebu nionyeshe."

Binti akanyakua rangi ya mdomo, akaandika kwenye kioo. Mwalimu akatazama, sauti ikamshuka. "Alama ya kutoa iko wapi, kipenzi? Mteremko wa mstari huu mara wa ule, lazima upate hasi moja. Barabara inapanda, kwa hiyo wetu ushuke."

Binti akaiweka alama. Akapiga upya. Sita. Akajiziba mdomo.

"Na wewe, mtu mzima," shangazi akamgeukia mwalimu, "unamwita mchumba kwa hesabu? Huna ulimi?"

"Nimekosa, shangazi. Niliogopa. Neno lenyewe zito."

Binti alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. "Kwa hiyo mmoja akipanda, mwenzake ashuke?"

"La sivyo pembe haitimii."

"Basi leo shuka wewe."

Akashuka. Goti likatua juu ya nywele zilizokatwa, pete ikatoka mfukoni ilikokaa tangu Jumapili ile.

"Utanioa… yaani, nikuoe?"

Binti akachora alama kubwa ya kujumlisha kwenye kioo. "Hii sijaisahau," akasema, akatoa kidole.

Mteja aliyesukwa nusu kichwa akakohoa.

"Hongereni sana. Sasa huu upande wa pili ananimalizia nani?"