Kikombe Kimoja cha Maji ya Zuhra

Jumamosi ile, nyumbani kwa Ramadhani bin Hamisi, kata ya Kasingirima, Kigoma, walikuwepo watu wanne. Wa kwanza ni Ramadhani mwenyewe, mpiga picha mstaafu. Wa pili ni mkewe, Zuhra binti Selemani, aliyelazwa mkekani. Wa tatu ni Luqman bin Issa, mganga, ambaye asubuhi hiyo alimtoa Zuhra jini lililomkalia miezi mitatu. Wa nne ni Veneranda Ntahondi, jirani, mzaliwa wa Mwandiga, aliyekuja kusaidia kumshika mgonjwa.

Jini lilishushwa katika sufuria ya maji yaliyotiwa chumvi ya Uvinza, pakiti nzima. Lilipotoka, maji yalipanda kwa kidole kimoja ingawa hakuna aliyeyaongeza, na chumba kikanuka nywele zilizolowa. Luqman akafunika sufuria kwa kitambaa cheupe. Aliagiza maji yote yakamwagwe ziwani baada ya sala ya adhuhuri, lisibaki hata tone, kisha akaenda msikitini. Zuhra alikuwa amepata usingizi wa kwanza wa kweli tangu augue.

Ramadhani akaingia stoo, alikoziba dirisha kwa blanketi. Wiki hiyo alikuwa amegundua mkanda mmoja wa picha, ambao haujasafishwa, uliosahaulika ndani ya kamera yake ya zamani. Ulikuwa na picha kumi na mbili alizokumbuka kumpiga kizingitini binti yao wa pekee, Yusra, aliyefariki miaka kumi na tisa iliyopita akiwa na umri wa miaka saba. Picha zake nyingine zote ziliharibika mwaka ziwa lilipofurika. Zuhra alikuwa akiomba jambo moja tu, auone tena uso wa mwanawe.

Dawa za kusafishia mikanda hazifiki tena Kigoma. Ramadhani alitumia kahawa ya unga, soda ya kufulia na vidonge vya vitamini C. Veneranda alichungulia akamwambia, "Baba Yusra, kahawa na soda ya kufulia? Mgeni wako leo hatatoka chooni." Ramadhani alimjibu kwamba mgeni wake ni mkanda ule, na mikanda haijawahi kulalamika.

Mkanda uliokaa miaka mingi huingia ukungu unaofifisha picha, na kinachozuia ukungu ni chumvi. Mkanda ulikwisha kuwa ndani ya kopo lake, linalopitisha dawa lakini si mwanga, na mchanganyiko ulikuwa tayari alipokumbuka kuwa pakiti ya chumvi ni tupu. Mchanganyiko ule hausubiri. Ukikaa nusu saa hufa. Akafunua sufuria, akachota kikombe kimoja. Chumvi ni chumvi, alijiambia.

Kopo hupinduliwa kila dakika ili dawa ienee. Alipolipindua mara ya kwanza lilikuwa zito. Mara ya pili, kitu kikagonga ndani, polepole. Alipolipindua mara ya tatu alisikia chumba cha pili mwili ukigeuka mkekani, kishindo kimoja, na Veneranda akimnong'oneza Zuhra atulie, na kila dakika iliyofuata ikawa hivyo hivyo, yeye akipindua kopo na mwili ukipinduka upande wa pili wa ukuta, huku harufu ya nywele zilizolowa ikizidi harufu ya kahawa, hata asijue kama anayemgeuza mkewe ni yule aliye ndani ya kopo au ni yeye mwenyewe.

Luqman alirudi, akaona kitambaa kimesogezwa, akaja na sufuria hadi stoo.

"Mzee Ramadhani, maji yamepungua."

"Kikombe kimoja tu, fundi."

"Kiko wapi?"

Ramadhani akaonyesha kopo.

"Lifungue," Luqman alisema kwa sauti ya chini. "Mkanda na maji yake viende ziwani. Sasa hivi, mkeo angali anapumua."

"Nikilifungua mwanga utamla mtoto. Nipe dakika tano niigandishe picha isifutike."

"Mtoto alikwisha kufa, Mzee wangu."

Ramadhani aliimimina kahawa yote irudi katika sufuria, akaapa kwamba sasa hakuna tone lililobaki, na Luqman, kwa kuwa hakuwa na muda wa kubishana, akaibeba sufuria mbio kuelekea ufukweni. Njiani alihisi jinsi ilivyokuwa nyepesi, akajua amebeba maji matupu, jini limebaki ndani ya kopo.

Stoo, Ramadhani alitia dawa ya kugandisha. Safari hii hakulipindua kopo. Aliketi akiwa amelishika kwa mikono miwili, akihesabu dakika, na alipofika ya pili alimsikia Veneranda akiita, bila kupaza sauti, kwamba Mama Yusra anakakamaa, vidole kwanza, sasa magoti, sasa shingo, Baba Yusra njoo, na yeye akasema nakuja, akahesabu ya tatu, akasema nakuja, akahesabu ya nne, hadi ya tano.

Akautoa mkanda, akauinua kwenye mwanga wa mlango. Mkanda huonyesha picha kinyume, lakini alizoea kusoma weusi kuwa weupe. Picha kumi na moja zilionyesha kizingiti cha nyumba yake, safi, bila ukungu, na hapakuwa na mtoto. Ya kumi na mbili ilimwonyesha Zuhra mkekani, amevaa kanga ya siku hiyo, macho wazi.

Zuhra binti Selemani alifariki saa nane na dakika kumi mchana.