Shamira Aficha Malengelenge

Kila asubuhi kabla ya shule Shamira alijifungia bafuni na kioo kidogo, kuangalia kama yameongezeka. Malengelenge ya maji! Usoni, kifuani, mgongoni. Yanapasuka, yanaacha vidonda. Miezi saba! Huko Bungoma amepewa dawa ya upele, ya mzio, hata ya minyoo, wapi! Na darasani kuna Wangila, anayewaambia wenzake: "Ati mnakaa na yeye dawati moja? Atawaambukiza, bana!"

Hatimaye Alhamisi moja Shamira na mamake, Suad, wakafika Kitale kwa Daktari Jepkemboi, daktari wa ngozi. Nafasi ya kumwona waliingoja miezi miwili. Daktari akamkagua uso, mikono, kifua.

"Mama Shamira, mbona naona madoa tu?"

"Hata mimi nashangaa, daktari. Juzi juzi yalikuwa yamejaa!"

"Shamira, umepaka nini?"

Shamira akajibu haraka: "Mafuta ya kawaida tu."

"Basi labda ni mzio." Daktari akashika kalamu. "Nitawaandikia dawa, muende nyumbani."

"Alhamdulillahi!" Mama akachukua mkoba.

Kalamu ikaanza kuandika. Shamira akaitazama. Akinyamaza, anarudi Bungoma na ugonjwa uleule. Akisema, leo ni leo na mama!

"Daktari, nimedanganya! Agneta wa darasa letu alinipa krimu ya kuyakausha. Nimepaka siku tisa. Jumamosi tunaimba kwa tamasha, nilitaka uso ukae sawa."

"Wewe Shamira!" Mama akafoka. "Tunangoja miezi miwili, kumbe unaficha ugonjwa?"

"Tulia kwanza, mama. Shamira, ulipaka mwili wote?"

"Isipokuwa mgongoni. Mkono haufiki."

"Hebu geuka."

Mama akamfungua zipu. Chini ya bega, malengelenge mawili mapya, yanang'aa!

"Haya ndiyo nilikuwa natafuta," daktari akasema. Akamdunga sindano ya ganzi, akakata kipande kidogo cha ngozi cha kupeleka maabara.

Baada ya wiki mbili jibu likaja: pemfigasi, ugonjwa adimu. Kinga ya mwili inageuka kushambulia ngozi yenyewe. Hauambukizi hata kidogo! Mwalimu aliposoma barua ya daktari darasani, Wangila aliangalia viatu vyake. Na kufikia mwezi wa tatu wa vidonge, hakuna lengelenge jipya lililotokea.

"Dawa utameza kwa muda mrefu," Daktari Jepkemboi akamwambia. "Usiache eti kwa sababu umependeza. Na ukija hapa, njoo na ukweli wote. Mimi natibu kile unachonionyesha. Ukinificha, nitatibu ugonjwa ambao huna, na ule ulio nao utabaki ukikula."