Sungura Nambari Nne

Kila alasiri baada ya shule, Kwamboka alipitia nyuma ya hospitali ya misheni, karibu na Ikonge, akiwa na kikapu cha majani. Hapo palikuwa na vizimba sita, na katika kila kizimba sungura mwenye uvimbe kwenye mguu wa nyuma. Daktari alikuwa akiwajaribia dawa mpya. Aliingiza mrija mwembamba katika ateri, ule mshipa unaopeleka damu mguuni, akasukuma dawa ili iufikie uvimbe wenyewe bila kuzagaa mwilini. Kazi ya Kwamboka ilikuwa kuwalisha sungura, kuwatazama na kuandika daftarini alichokiona.

Aliifanya kwa bidii, kwa maana dada yake, Esnah, alikuwa amelazwa wodini na uvimbe kwenye goti. Sungura wote wakiivumilia dawa, Esnah angekuwa mtu wa kwanza kupewa. Wasipoivumilia, mguu wake ungekatwa.

"Wachumba wako wanasemaje?" Esnah alimtania kuhusu sungura wake.

"Wanakula kuliko wewe."

Familia yao ilikuwa ya Wasabato. Siku ya Sabato wanyama walilishwa, lakini kalamu haikuguswa. Ya Jumamosi yaliandikwa Jumapili. Jumamosi moja Kwamboka alimkuta sungura nambari nne amejikunyata, majani hajayagusa, damu inamtoka puani. Kesho yake damu ilikuwa imekauka, na sungura akatafuna jani moja. Kwamboka alishika kalamu kwa muda mrefu. Hakuna mwingine aliyeona. Akaandika: Jumamosi, amekula vizuri.

Jumatano Bwana Obiero, dresa aliyemsaidia Daktari kutibu wagonjwa, alisoma daftari akatabasamu. "Basi kesho Daktari anaanza na dada yako."

Esnah aliposikia, hakunyamaza tena. Angerudi shule. Angetembea kwa miguu yake mpaka soko la Ekerenyo. Kwamboka alishindwa kumsikiliza, akatoka. Mama yao, Drusilla, alikuwa akifua mashuka ya hospitali.

"Mama, niliandika uongo."

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Akafuta povu mikononi, akamshika mkono, wakaenda moja kwa moja kwa Bwana Obiero.

"Mwambie kama ulivyoniambia. Usipunguze."

Bwana Obiero hakumkaripia. Alimwita Daktari, wakaenda vizimbani. Nambari nne alikuwa amekufa, na wengine wawili walikuwa wakitokwa damu kwenye ufizi. Dawa ilikuwa imevuka mguu na kusambaa mwilini. Daktari aliifungia kabatini.

Ijumaa mguu wa Esnah ulikatwa, juu ya goti.

Siku ya nne Esnah akamuuliza Kwamboka, "Ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi."

"Ungenyamaza." Akageukia ukutani.

Kwamboka alilia nje, karibu na kamba ya mashuka. Mama hakumbembeleza.

"Nisikilize. Daktari hakuwa na macho mengine pale vizimbani ila yako. Wewe ukaandika ulichotamani, na ilibaki kidogo tumzike dada yako. Ukiona damu, andika damu, hata kama itakunyima kile unachokitaka kuliko vyote. Uliposema kweli ulimwokoa, lakini ulichelewa siku tatu. Usichelewe tena."

"Atanichukia, Mama."

"Huenda. Atakuchukia akiwa hai." Mama akamkabidhi beseni la maji ya vuguvugu. "Haya, kamwoshe."

Esnah hakugeuka. Lakini Kwamboka alipokamua kitambaa, dada yake aliinua mkono mmoja, polepole, ili aoshwe.